Mnakata kwanza, mita mnaiangalia baadaye

Kwa wakurugenzi wa kampuni inayoniuzia gesi na umeme. Kwa Ofgem, mnaosimamia kampuni zote za namna hiyo. Na kwa mawaziri na wabunge mlioshika mambo ya nishati hapa Uingereza.

Waheshimiwa, salaam.

Kampuni nimeiandikia mara 11 kwa Kiingereza kuhusu bili yangu ya gesi na pesa nilizokatwa. Mara hii naandika kwa Kiswahili, lugha ninayoota nayo. Najua hamuisomi, basi tafuteni mkalimani, kama nilivyohangaika kumtafuta mimi barua zenu ziliponizidi kimo. Wapo watakaoisoma bila mkalimani: wenzangu wa Milton Keynes, East Ham, Birmingham na Glasgow, na majirani zangu hapa Leicester. Wengi wana bahasha kama zangu zimejaa droo ya jikoni, nyingine hazijafunguliwa kabisa.

Nianze na mita yenyewe, kwa sababu kote nilikopiga simu hakuna aliyetaka kuanzia hapo.

Mita yangu ya gesi iko chini ya ngazi, nyuma ya ufagio na kigari cha mtoto. Ukitaka kuisoma unapiga magoti, unaingiza kichwa, na mtu mwingine anakumulikia. Oktoba 2024 alikuja fundi akaing'oa ile ya zamani, akafunga mpya, hizi zinazoitwa mita janja. Kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisema kuanzia leo mita itatuma usomaji yenyewe, nisijisumbue tena. Haikutuma. Nikaambiwa mtandao haufiki chini ya ngazi, niendelee kusoma kwa mkono. Nikaendelea. Kila mwisho wa mwezi nikawa napiga picha, naandika tarakimu, natuma.

Januari 2025 ikaja bili ya miezi mitatu. Gesi peke yake, paundi 829.

Nilikuwa nimetoka zamu. Mimi ni mlezi wa wazee, kazi yangu ni ya usiku, na saa mbili asubuhi macho yangu hayaaminiki. Nikalala, nikaamka, nikavaa miwani. Ilikuwa 829 ileile. Nyumba haijabadilika, watoto ni walewale watatu, na mimi mtoto wa Tanga nilishazoea zamani kukaa na sweta mbili ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Pamoja na bili palikuwa na karatasi ya pili: makato yangu ya mwezi kwa gesi na umeme, yaliyokuwa paundi 138, kuanzia Februari yatakuwa 327.

Wasomaji walio nyumbani hawatanielewa bila maelezo kidogo. Haya makato ya moja kwa moja, dairekti debiti, ni ruhusa unayoipa kampuni ichukue pesa benki kwako kila mwezi, na kiasi cha kuchukua inapanga yenyewe. Agizo la kudumu ni kitu kingine. Pale kiasi unaweka wewe. Kwenye makato, kampuni inakadiria utatumia kiasi gani mwaka mzima, inagawa kwa 12, ili wakati wa joto ulipe kuliko unachotumia na akiba hiyo ikubebe wakati wa baridi. Mpango wenyewe siukatai, kwa mtu mwenye mshahara mdogo unasaidia. Tena ni nafuu: anayekataa makato na kusubiri bili ndipo alipe, kwa nyumba ya kawaida inamgharimu zaidi ya paundi 100 za ziada kwa mwaka. Kwa hiyo tunakubali. Kwetu Tanzania tumezoea LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Unanunua uniti, unabonyeza namba, taa zinawaka. Zikiisha ni giza, lakini hakuna anayekudai. Sisemi LUKU ni pepo. Mwaka 2021 mfumo uligoma siku kadhaa, watu wakakaa gizani na pesa mkononi, na mwaka huohuo kodi ya jengo ikaanza kukatwa humohumo kwenye umeme, kelele zikawa nyingi. Ila hata kodi ile mtu aliiona kwenye risiti papo hapo. Nilikuwa sijawahi kuishi na mtu anayeingia mfukoni kwangu akiwa na hesabu ambayo mimi sijaiona.

Nikapiga simu siku hiyohiyo. Muziki dakika 50. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akaniuliza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, kisha akasema mfumo unaonyesha matumizi yangu yamepanda. Nikamwambia nina picha za mita, kila mwezi. Akasema tarakimu nilizotuma na tarakimu zilizomo kwenye mfumo zinalingana. Na kweli zilikuwa zinalingana! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kama tarakimu ni sawa, basi kweli nimechoma gesi ya paundi 829? Nilianza kumshuku baba watoto kwamba akibaki peke yake mchana anafungulia joto mpaka mwisho. Tulikosana kwa ajili hiyo, siku mbili hatusemeshani. Hiyo nayo iandikeni kwenye gharama.

Dada yule aliahidi suala langu litaangaliwa na kitengo kingine. Februari 5, kabla kitengo chochote hakijaangalia chochote, paundi 327 zikatoka. Kodi ya nyumba hutoka tarehe 6. Ikagonga mwamba, akaunti haikuwa na kitu. Jioni yake nilikuwa dukani, kwenye foleni, nina unga, maharage, mafuta na nepi. Kadi ikakataa. Nikarudisha vitu kimoja kimoja kwenye kaunta, nikabaki na nepi tu, nikazilipia kwa sarafu. Aliyekuwa nyuma yangu aliniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniuma kuliko kadi.

Aliyefumbua fumbo ni mwanangu wa kwanza, ana miaka 11. Alikuwa anafanya hesabu za shule mezani, mimi nimetandaza bili pembeni yake. Akageuza ukurasa wa nne, ule ambao sijawahi kuuona mtu akiusoma, wenye maandishi madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Kulikuwa na mstari unaoeleza jinsi tarakimu za mita zinavyogeuzwa kuwa uniti. "Mama, mbona hapa wamezidisha kwa 2.83?"

Nieleze taratibu, maana fumbo lote liko hapa, na huenda liko kwenye bili ya msomaji fulani pia.

Mita ya gesi haihesabu uniti unazotozwa, yaani kilowati-saa. Inahesabu ujazo wa gesi iliyopita kwenye bomba. Mita za zamani za Uingereza zinahesabu kwa futi za ujazo, mia mia. Usoni zina tarakimu 4 na alama ya ft³. Mita mpya zinahesabu kwa mita za ujazo. Zina tarakimu 5 kabla ya nukta, na alama ni m³. Futi za ujazo 100 ni sawa na mita za ujazo 2.83. Kwa hiyo mwenye mita ya zamani, hesabu yake lazima ianze kwa kuzidisha 2.83. Mwenye mpya hazidishi. Baada ya hapo wote wawili njia ni moja: unazidisha kwa 1.02264, halafu kwa kiwango cha joto kilichomo kwenye gesi, ambacho kwenye bili yangu kilikuwa 39.4, halafu unagawanya kwa 3.6. Unapata uniti.

Mita yangu ilikuwa imesogea 418. Mwanangu akachukua kikokotoo. Kwa njia yenu, pamoja na ile 2.83, ilitoka uniti 13,240. Kwa njia ya mita mpya, uniti 4,678. Bei ya uniti ilikuwa peni 6 na ushei, kwa hiyo bili yangu halali ilikuwa kama paundi 293.

Tukaingia chini ya ngazi wote wawili, yeye ameshika simu ananimulikia, mimi nimepiga magoti. Tukaifuta kioo kwa kiganja. Tarakimu 5, nukta, na pembeni, wazi kabisa, m³. Fundi alibadilisha mita ukutani. Kwenye kompyuta yenu hakuna aliyeibadilisha. Tarakimu zililingana kwa sababu nilitoa kiasi sahihi na ninyi mkakisoma kwa kipimo kisicho chake, ni kama mtu amekuambia ana kilo kumi za mchele wewe ukaandika madebe kumi.

Nikampikia mwanangu chapati za nazi siku hiyo, kisha nikamwomba radhi baba yake.

Sasa mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Nina picha, nina hesabu, nina ukurasa wa nne. Nikawatumia vyote. Jibu likaja baada ya siku 9: tumepitia akaunti yako, mfumo unaonyesha bili ni sahihi. Nikatuma tena. Akajibu mwingine, ameanza upya, anaomba nitume picha ya mita. Nikatuma. Wa tatu akaniuliza kama nina ndugu wanaokuja kukaa kwangu wakati wa baridi. Kila mmoja alikuwa na adabu, na kila mmoja alikuwa anasoma skrini ileile iliyokosea. Kesi ya ngedere kaipokea nyani, naye anashangaa kwa nini ngedere anashinda kila siku.

Nilikwenda benki. Nilikuwa nimesikia kwamba makato haya yana dhamana: kampuni ikikosea, benki inakurudishia pesa yote palepale, na lazima upewe taarifa kabla kiasi hakijabadilishwa, kwa kawaida siku 10 za kazi. Ni kweli dhamana hiyo ipo. Lakini pale dirishani nilielezwa inavyofanya kazi. Kampuni ilisema itachukua 327, tarehe 5. Ikachukua 327, tarehe 5. Kwa upande wa ukataji hakuna kosa. Kwamba 327 yenyewe imetoka kwenye hesabu mbovu, hilo ni baina yangu na kampuni. Nikamwelewa yule kijana wa benki, hata sikumlaumu. Ila niliporudi kwenye basi nilijiuliza: mwenye nyumba akitumia ufunguo wake kuingia na kuchukua televisheni yangu, kosa halipo kwa kuwa hakuvunja mlango?

Machi mwanzoni nikafanya kosa langu mwenyewe, nalisema ili wengine wasilirudie. Nikayafuta makato. Haki ya kuyafuta ninayo wakati wowote, benki haiwezi kunikatalia. Lakini kufuta makato si kufuta deni, na mimi kwa hasira mwezi ule sikulipa hata senti. Mkanihamishia kwenye bei ya juu ya wasio na makato. Barua ya kwanza ikaja ya kawaida. Ya pili ina mstari mwekundu. Ya tatu ilitaja wakusanya madeni, na ikasema naweza kuwekewa mita ya kulipia kabla.

Mita ya kulipia kabla! Kwetu ndiyo ya kila mtu, tajiri na maskini. Hapa inatumika kama adhabu. Februari 2023, baada ya gazeti kuanika jinsi watu wanavyovunjiwa milango ili wafungiwe mita hizo, Ofgem mliziambia kampuni zisimamishe kuwalazimisha watu, na baadaye mwaka huohuo mkaweka masharti: asifungiwe kwa nguvu, kwa mfano, mzee wa zaidi ya miaka 75 asiye na msaada nyumbani, wala nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 2. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi 14. Barua ile haikuuliza kama nina mtoto. Sikulala vizuri kwa wiki mbili, na mlango ukigongwa nilikuwa nachungulia kwanza pazia, mimi ambaye sijawahi kudaiwa hata na muuza genge.

Aprili mwanamke mmoja wa Citizens Advice, shirika linalowapa watu ushauri bure, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono kwa mambo mawili. Kwanza, niweke agizo la kudumu la paundi 138, kiasi nisichokibishia, ili isionekane nimekataa kulipa gesi ninayotumia. Pili, akaniuliza: nililalamika lini mara ya kwanza? Nikamwambia Januari. Akasema wiki 8 zikipita bila kampuni kumaliza lalamiko, au ikikupa barua ya kusema imefika mwisho, una haki ya kulipeleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati. Bure. Na ukiukubali uamuzi wake, kampuni inabanwa kuutekeleza. Wiki ya 8 ilikuwa imepita zamani. Kampuni ilipaswa kuniambia hivyo kwa maandishi. Nimezipekua bahasha zote, barua hiyo haimo.

Nikapeleka. Na tazameni maajabu: kampuni iliyoshindwa kuona m³ kwa miezi mitano, iliiona ndani ya wiki chache baada ya kuambiwa kuna mtu wa tatu anaangalia. Juni deni likafutika, paundi 189 zilizozidi zikarudi, na barua ikasema mmeniongezea paundi 50 za fadhila. Fadhila. Nilimsomea mama yangu kwa simu neno hilo, yuko Pangani, akacheka mpaka akakohoa.

Mtaniuliza, sasa kama limekwisha, unalalamika nini? Halijakwisha. Alama ya kwamba niliwahi kushindwa kulipa bado ipo kwenye rekodi yangu ya mikopo, nimeomba ifutwe mara tatu. Lakini hata ingefutwa leo, barua hii ningeiandika kwa ajili ya jirani yangu.

Jirani yangu ni mama wa Bukavu, umri wake kama wa mama yangu mdogo. Kiswahili chake na changu havifanani lakini tunaelewana vizuri, na Kiingereza chake ni cha salamu. Mwaka jana kampuni yake, siyo yangu, iligundua kwamba haikuwa imempelekea bili ya umeme kwa miezi 26. Ikamletea yote kwa mpigo. Akakubali makato makubwa kila mwezi mpaka deni liishe. Nilipomwambia kuna kanuni, tangu Mei 2018, kwamba kampuni ikikosea yenyewe kukutoza haiwezi kukudai umeme au gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 nyuma, labda kama wewe ndiye uliyewazuia wasisome mita, alinitazama kama ninamletea balaa. "Mama, mie sitaki matata na wazungu," akaniambia. Anaogopa kwamba ukibishana na bili, karatasi zako za ukaazi zitaguswa. Hazihusiani hata kidogo, nimemwambia, mwanangu amemwambia. Anaendelea kulipa. Radio yake anaizima mchana ili apunguze umeme.

Waheshimiwa, kanuni ya miezi 12 mnaijua. Kampuni inaijua. Tarehe za bili ziko kwenye kompyuta ya kampuni. Kwa nini kanuni isubiri mpaka mama mwenye Kiingereza cha salamu aitaje? Kompyuta inayoweza kukata pesa yenyewe usiku wa manane inaweza pia kuhesabu miezi 12 na kusimama. Basi iamrishwe hivyo.

Na hili la makato si langu peke yangu wala si jipya. Mwaka 2022, bei zilipopaa, Ofgem wenyewe mlichunguza mkakuta zaidi ya wateja 500,000 ambao makato yao yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara mbili kati ya Februari na Aprili, mkaziagiza kampuni ziyapitie upya. Mwaka uliotangulia kampuni nyingi ndogo zilianguka moja baada ya nyingine. Akiba za wateja waliokuwa wamelipa mbele zililindwa, ni kweli, lakini gharama ya kuzilinda ikasambazwa kwenye bili za nchi nzima. Yaani pesa tunazokatwa kabla ya kutumia ni mtaji wa mtu. Nikikopa kwenu napata barua nyekundu. Mkikopa kwangu inaitwa salio.

Masharti ya leseni zenu yanasema kiasi cha makato kitokane na taarifa bora na za karibuni zaidi mlizo nazo, na mteja aelezwe kwa lugha inayoeleweka kimefikiwaje. Picha yangu ya mita ilikuwa taarifa bora na ya karibuni zaidi duniani, ilipigwa saa moja kabla ya kutumwa. Ukomo wa bei mliouweka tangu Januari 2019 nao nauheshimu, umetuokoa na mengi, ila unabana bei ya uniti na ada ya kila siku tu. Hesabu ya uniti ikikosewa, ukomo haukusaidii kitu; utatozwa bei halali kwa gesi ambayo hukuichoma.

Ninachokitaka ni kidogo, na cha kwanza ndicho kinachobeba vingine. Mteja akisema bili si sahihi, makato yabaki kwenye kiasi cha zamani mpaka binadamu mmoja, mwenye jina, aitazame picha ya mita. Siombi nisilipe. Naomba wakati tunabishana pesa zisiwe zote upande wenu. Katika ugomvi wetu wa miezi mitano ninyi hamkukosa chochote, hamkurudisha unga dukani, ndiyo maana hamkuwa na haraka. Mngekuwa mnasubiri pesa badala yangu, ile m³ mngeiona siku ya pili.

Kingine: ile hesabu ya ukurasa wa nne iletwe ukurasa wa kwanza, kwa maneno. Andikeni: mita yako inahesabu kwa mita za ujazo. Mstari mmoja tu. Mtu atakwenda kuangalia mwenyewe. Na kila fundi anayebadilisha mita aache karatasi yenye usomaji wa mwisho wa ile ya zamani, usomaji wa kwanza wa mpya, na kipimo cha kila moja, mteja aisaini.

Kuhusu lugha sina maneno mengi. Hospitalini hapa nikimpeleka jirani yangu wanampigia mkalimani kwa simu, dakika kumi, kazi inakwisha. Anayemkata mtu pesa anaweza kufanya vilevile. Na kwenye simu ya kwanza kabisa, siyo ya kumi, mwambieni mlalamikaji kwamba kuna wiki 8, na kuna mlango baada ya hapo.

Ninyi ndugu zangu mliofika mpaka hapa, kabla ya kulala leo ingieni chini ya ngazi au popote mita yenu ilipo. Angalieni ni ft³ au m³, mlinganishe na bili. Angalieni pia herufi ndogo pembeni ya usomaji: mara nyingi E maana yake wamekadiria, hawakusoma. Namba ya mita ukutani na ile ya kwenye bili zifanane, maana kwenye majengo ya maghorofa kuna watu wanalipia gesi ya jirani miaka. Mkikuta tatizo, msifute makato kwa hasira kama mimi. Lipeni kile msichokibishia, andikeni tarehe ya lalamiko la kwanza, hesabuni wiki.

Nimemwambia jirani yangu Jumamosi hii tutakaa kwangu, yeye aje na bahasha zake zote, mwanangu ataleta kikokotoo. Amesema atakuja kunywa chai. Ya bahasha ataona.

Kwa upande wangu, leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika, mita ilisomeka 00943, mita za ujazo. Nimepiga picha.

Wenu,
Mteja wenu wa zamu ya usiku,
Leicester